Metali za Msumeno na Dawa Zake

Ujerumani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotengeneza msumeno wa mnyororo wa kukatia miti katika miaka ya 1920. Mwaka 1926 Andreas Stihl alianzisha kampuni yake Stuttgart na kutoa msumeno wa umeme. Mwaka uliofuata Emil Lerp alijaribu wa petroli katika mlima Dolmar, jimboni Thuringia. Ulikuwa na uzito wa kilo 58 na ulishikwa na watu wawili. Mashine hiyo ilikuwa ghali, hivyo ilipochoka haikutupwa. Ilifunguliwa, ikaoshwa, ikafungwa upya, na dawa ya kuioshea ilibadilika kila metali zake zilipobadilika.

Silinda nyingi za mwanzo zilikuwa za chuma cha kusubu. Fundi alizilowesha katika mafuta ya taa au kuzichemsha katika maji ya kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, mpaka grisi iliyoganda ibanduke. Kostiki haidhuru chuma. Silinda iliyochubuka ilichongwa, ikapanuliwa kidogo, kisha ikawekewa pistoni inayoitosha.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watengenezaji walishindana kupunguza uzito. Stihl BL ya mwaka 1950, ya mtu mmoja, ilikuwa na kilo 16. Contra ya mwaka 1959 ilikuwa na kilo 12. Wepesi huo ulitokana na alumini na magnesi, metali zenye maadui tofauti: kostiki huila alumini, asidi huila magnesi. Pipa moja la kuchemshia vyote halikufaa tena. Vipuri vilianza kutengwa kabla ya kuoshwa, na petroli, mafuta ya taa na brashi vikawa dawa salama kwa metali zote mbili. Utando wa mpira wa kabureta ulitolewa kwanza, maana dawa kali huukausha ukakakamaa.

Silinda ya alumini ilihitaji ngozi ngumu ndani, pistoni inapopita. Iliyotangulia ni kromu. Mwaka 1967 kampuni ya Mahle ilileta Nikasil, nikeli iliyochanganywa na chembe za silikoni kabidi. Ngozi hiyo ni nyembamba, haichongwi. Injini ikijamu kwa kukosa oili, alumini ya pistoni huyeyuka na kuganda juu yake, na silinda huonekana kama imekwisha.

Hapo ndipo asidi ya haidrokloriki hutumika. Fundi huvaa glavu, hukaa penye upepo, kisha hugusa doa tu kwa kijiti chenye pamba. Povu huchemka kadiri asidi inavyokula alumini iliyoganda; likitulia, doa limekwisha, na silinda husuuzwa mara moja kwa maji mengi. Povu lisilokoma ni habari mbaya: ngozi imetoboka na asidi inaila silinda yenyewe. Silinda ikisalimika, husuguliwa kwa msasa laini na kupakwa oili.

Pistoni nayo huokolewa kwa zana isiyonunuliwa. Ringi kuukuu huvunjwa, na ncha yake hukwangua masizi ndani ya mfereji wa ringi, kwa kuwa ndiyo inayoingia humo barabara. Beringi za kranki huoshwa na kupakwa oili kabla ya kuzungushwa, maana zikizungushwa kavu hukwaruzika. Sili na gasketi hazioshwi, huwekwa mpya.