Digrii na Kazi: Karne Moja ya Vyuo Vikuu Afrika Mashariki

Makerere, nchini Uganda, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wake 14 walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kijana aliyetoka pale na shahada alitazamia ofisi, si karakana.

Dar es Salaam ilipata chuo chake Oktoba 1961, kwa kitivo kimoja cha sheria, ndani ya jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Taifa changa lilihitaji wasomi kwa haraka; nafasi zilimsubiri mhitimu kabla hajamaliza mitihani. Lakini mwaka 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Rais Nyerere aliwafukuza karibu 400. Mwaka uliofuata, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule zinawatenga vijana na jamii inayowalisha.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaja na dawa kali: anayetaka chuo kikuu afanye kazi kwanza, si chini ya miaka miwili, na apate pendekezo la mwajiri na la chama. Waliingia watu wazima wanaojua kiwanda na shamba. Wanawake, hata hivyo, walipungua mno, ikabidi walegezewe sharti. Na kazi yenyewe ilibaki mlangoni: ilikuwa sifa ya kujiunga, haikuwa sehemu ya somo.

Njia bora ilikuwa tayari ipo Mlimani, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo cha uhandisi, kilichofunguliwa mwaka 1973, kiliwapeleka wanafunzi viwandani wakati wa likizo, na mafunzo hayo yakahesabiwa katika digrii. Wanafunzi wa udaktari walijifunza kando ya kitanda cha mgonjwa katika hospitali ya Muhimbili. Walimu watarajiwa walisimama mbele ya darasa huku wakikaguliwa.

Miaka ya 1990 serikali ya Tanzania iliacha kuajiri kila mhitimu. Ndipo bahasha ya kaki iliyojaa vyeti ikaanza kuzunguka mji. Waliokuwa na uzoefu mdogo wa kuonyesha ni wa fani ambazo fildi yake, yaani mafunzo ya kazini, ilikuwa wiki chache na ripoti ya kusainiwa.

Katika miaka ya karibuni mitaala imekuwa ikipitiwa upya; nchini Tanzania hilo limefanywa kupitia HEET, mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021. Historia hii inatuonya tusiridhike na semina moja ya ujasiriamali mwaka wa mwisho. Mwanafunzi wa uchumi akague hesabu za SACCOS. Wa jiografia achore ramani ya visima vya kata. Wa historia apange nyaraka za halmashauri. Kisha watetee kazi hiyo mbele ya watakaoitumia, na wapewe alama kwayo. Nadharia haitapungua, itapata mahali pa kujaribiwa. Wala mhadhiri hana haja ya kungoja sera nyingine: anaweza kuanza na zoezi atakalolitoa muhula ujao.