Mlango Mdogo wa Kongosho

Machi 1642, mjini Padua, Italia, Mjerumani aitwaye Johann Georg Wirsung alipasua maiti ya mtu aliyenyongwa kwa kosa la mauaji. Katikati ya kongosho akaona mrija mwembamba, na hakujua kazi yake. Akauchora kwenye bamba la shaba, akawatumia wasomi wenzake nakala akiwauliza ni kitu gani. Agosti 1643 akapigwa risasi, akafa. Mrija ukabaki na jina lake.

Mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili, ila tabia ya kusoma haikuniacha. Historia ya mrija huu imenishika kwa sababu Wirsung aliuliza nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni hii: ukishauona, uuguse ama uuache?

Tumboni mwa mama, kongosho huanza likiwa vipande viwili. Karibu wiki ya nane vipande huungana na mirija yake hukutana, kisha juisi nyingi humwagika kwenye utumbo kupitia tundu kubwa. Kuna tundu dogo pia, la mrija uliochorwa na Giovanni Domenico Santorini wa Venice. Michoro yake ilichapishwa 1775, miaka 38 baada ya kifo chake. Sasa, kwa watu takriban 5 hadi 10 kati ya 100 waliochunguzwa Ulaya na Marekani, mirija haikukutana kamwe. Juisi karibu yote hupitia tundu dogo. Ni kama magari yote ya Thika Road yaambiwe yapite kichochoroni. Wengi huishi hivyo hadi uzeeni bila kujua. Wachache hupata maumivu makali, kongosho likivimba tena na tena.

Kwa karne tatu haya yalionekana kwa kisu tu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani wakatangaza kwamba wamefika kwenye tundu la kongosho kwa mpira wa endoskopi unaopitia mdomoni. Kufikia 1974, Ujerumani na Japani walikuwa wanalipanua tundu hilo kwa waya wa umeme. Mbinu hiyo ndiyo ERCP. Mwaka 1980 Peter Cotton, Mwingereza, akaeleza kwamba kongosho lililogawanyika linaweza kusababisha maumivu kwa kuwa njia ni nyembamba. Basi wengi wakaona jibu liko wazi: panua mlango.

Shida ni kwamba kongosho halipendi kuguswa. ERCP yenyewe inaweza kulivimbisha, yaani dawa inaleta ugonjwa uleule uliokuja kutibiwa. Utafiti wa 1996 uliofuata wagonjwa 2,347 waliokatwa tundu la nyongo ulipata uvimbe huo kwa asilimia 5.4, mbali na waliovuja damu. Kwenye tundu dogo kazi ni ngumu zaidi, na kovu linaweza kuliziba tena.

Kuna hatua zilizopigwa. Mwaka 2012 jaribio lilionyesha kwamba indomethasini, dawa ya bei rahisi inayowekwa njia ya haja kubwa, ilishusha uvimbe huo kutoka asilimia 16.9 hadi 9.2 kwa walio hatarini.

Lakini je, kukata kunasaidia? Jaribio la SHARP, lililotoa matokeo 2025, liligawa wagonjwa 148: wengine wakakatwa, wengine wakafanyiwa utaratibu wa kuigiza bila kukatwa. Uvimbe ulirudi kwa asilimia 35 ya waliokatwa na 44 ya wasiokatwa, tofauti ambayo ingeweza kuwa bahati tu. Kumbe mantiki iliyosikika tamu kwa miaka 45 haikuwa imepimwa vizuri.

Hii haimaanishi uikimbie ERCP. Kama jiwe limeziba mrija wa nyongo, inaokoa maisha. Ila ukiambiwa kongosho lako limegawanyika, hilo pekee si ugonjwa. Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari: una hakika ndilo linaloniumiza? Nikikatwa napata nini, na nisipokatwa napoteza nini?