Baridi ya Gairo na Miche ya Pwani

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani twasema kipupwe kimeingia pale tunapotafuta shuka alfajiri. Pepo za kusi huvuma, bahari huchafuka, wazee hujitia vikoi mabegani, basi. Kwetu hiyo ndiyo baridi. Mnazi hauijui, mpapai hauijui, na mwembe huendelea na shughuli zake kama kawaida. Lakini ukitoka Bagamoyo ukapanda bara, ukapita Morogoro na milima ya Uluguru, kisha ukaendelea na njia ya Dodoma mpaka Gairo, hapo utakutana na kipupwe kingine. Gairo ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Ukaguru. Ardhi yake ni kavu, upepo wake hauna adabu, na usiku wa Juni na Julai mbingu huwa safi, nyota zimejaa, na baridi hushuka juu ya vitu vyote.

Nami nina sababu ya kuyataja haya. Mwaka 1984, nikiwa kijana, nilikwenda Gairo kusomesha watoto chuoni. Nilichukua kutoka nyumbani miche niliyoipenda: miembe minne, mipapai, mchungwa mmoja na nazi iliyokwisha chipua. Nilidhani nitawaonyesha wenyeji namna bustani inavyokuwa. Nikachagua bondeni nyuma ya nyumba, maana udongo wa hapo ulikuwa laini na wenye unyevu kidogo. Ulipofika Julai, siku mbili tu za usiku mkavu usio na wingu zilitosha. Asubuhi ya pili majani ya mipapai yalikuwa meusi kama yaliyochemshwa, na miembe imeinamisha vichwa. Nazi ilidumu mwezi mmoja, nayo ikaoza kiini.

Mwaka wa pili nilijifanya mwerevu. Nilipanda tena, na ulipoingia Juni nikaifunika kila miche kwa kikapu na gunia juu yake, usiku na mchana. Bibi mmoja wa Kikaguru, jirani yangu, alipita akasimama, akatazama, akaniuliza, "Shehe, huo mche umeukinga au umeuzika?" Nikaondoa gunia. Mche ulikuwa umepauka, shina jembamba kama uzi, na ukungu umeota majanini. Mwaka wa kwanza niliua kwa kupuuza, na mwaka wa pili niliua kwa kuzidisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama kwa jicho jingine watu waliotutangulia katika njia ile, maana wao walifaulu pale niliposhindwa.

Yatupasa tukumbuke kwamba nchi ile ilikuwa ni njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, ambayo leo ni Tabora, na kutoka hapo mpaka Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika, watu walikwenda kwa miguu. Njia hazikuwa moja, na mojawapo ilipita Ukaguru kupitia Mamboya, mahali ambapo askari wa Seyyid Barghash walijenga ngome mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwingereza Richard Burton, alipotoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, alifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwanzoni mwa Novemba, yaani zaidi ya miezi minne. Huko aliwakuta Waarabu waliotoka Omani na Zanzibar, na watu wa Mrima, nao wamejenga na kukaa. Stanley alipofika mwaka 1871 alikuta pembeni mwa matembe yao michungwa, milimau, mipapai na miembe.

Sasa tufikiri. Kokwa la embe si kama punje ya mtama inayowekwa ghalani mwaka mzima. Likikauka hufa, na uhai wake ni wa majuma machache tu. Ikiwa safari yachukua miezi mitatu au minne, kokwa lililokulwa Bagamoyo halifiki Tabora likiwa hai ila kwa mtu aliyelishughulikia. Ama alilifukia katika udongo wenye unyevu na kulibeba kama abebavyo maji, ama miembe ilipandwa kituo kwa kituo, wa hapa ukizaa ukapelekwa wa pale. Kwa vyovyote vile, nyuma ya kila mwembe wa kale wa bara pana mtu aliyekuwa na subira. Naye aliutunza mche huo katika nyanda za juu zenye baridi ambayo mwembe haukuzaliwa nayo, maana asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi za jirani zake.

Lakini tusiipambe historia kupita haki yake. Njia hiyo hiyo iliyopitisha kokwa za maembe ilipitisha pia minyororo. Walipitishwa humo watu waliotekwa makwao, wenye pembe za ndovu mabegani na kamba shingoni, na wengi hawakuiona bahari kwa sababu walifia njiani. Kivuli cha mwembe kilikuwa raha kwa tajiri wa msafara, na kwa aliyefungwa kilikuwa kituo tu baina ya dhiki na dhiki. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hata baada ya hapo dhuluma haikukoma kwa siku moja. Mwaka 2006 njia hii iliwekwa katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Mamboya ni miongoni mwa vituo vilivyotajwa pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni vyema, kwani mtu asiyetaja kosa la wazee wake hana haki ya kujifakharisha kwa wema wao.

Na hapa hunijia mfano uliomo katika Sura ya Aali Imraan, pale Mwenyezi Mungu Mtukufu anapofananisha mali ya waliopotoka na upepo wenye baridi kali, unaoliangukia shamba la watu waliojidhulumu nafsi zao ukaliangamiza. Niliisoma aya hiyo utotoni pwani, nikaihifadhi, nikaifasiri kwa wengine, na sikuijua. Mtoto wa pwani ataijuaje baridi inayoangamiza shamba? Niliijua asubuhi ile ya Julai, nimesimama mbele ya mipapai myeusi. Na mali ya njia ile, mali ya pembe na ya watu, iko wapi leo? Matembe mengi yamebomoka na majina ya matajiri wengi yamesahauliwa. Kilichobaki ni miembe, na anayekula leo ni mpita njia asiyejua nani aliipanda.

Si sisi wa kwanza kuhangaika na mmea uliohamishwa kwao. Abdur-Rahman wa kwanza, yule aliyeponea chupuchupu wakati Bani Umayya walipoangushwa, alifika Andalus akatawala Cordoba tangu 756 mpaka 788. Huko alijenga bustani, akaiita Rusafa kwa jina la kasri la babu yake huko Sham, akapanda mtende, akaleta na makomamanga kutoka kwao. Inasimuliwa kwamba aliutazama mtende ule akauona mgeni mwenziwe. Baadaye, katika karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Seville alitunga kitabu kikubwa cha kilimo, akaeleza mimea zaidi ya 500 na namna ya kuitunza katika nchi ambayo wakati wa baridi si rafiki wa mtende wala wa mtrunji. Na Waomani walijua jambo hili nyumbani kwao kabla hawajafika kwetu. Chini ya Jabal Akhdar mitende imejaa, lakini ukipanda juu kabisa huoni tena mashamba ya mitende, bali makomamanga, waridi na lozi. Kila kimo kina mti wake.

Elimu hiyo hiyo wanayo watu wa Morogoro. Katika Uluguru, upande wa mashariki unaopata mvua za bahari, kama Kinole na Matombo, hustawi viungo na matunda ya joto: karafuu, mdalasini, pilipili manga, ndizi na mananasi. Ukizunguka upande wa Mgeta, ambako ni juu na kuna baridi, utakuta mboga na matunda ya nchi za baridi, mpaka mapichi. Mlima ni mmoja na riziki ni mbili. Mkulima wa Mgeta hapandi mnazi, wala mkulima wa Matombo hapandi mpichi. Adabu ya kwanza ya kilimo ni kuijua nchi uliyopo. Waliodharau adabu hiyo walijuta. Kongwa haiko mbali na Gairo, na huko serikali ya Waingereza ilianza mradi wake mkubwa wa karanga mwaka 1947 kwa mashine na mamilioni ya pauni, bila kuzichunguza vya kutosha mvua na udongo. Ulipofika mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Tuje sasa kwenye baridi yenyewe, ili msomaji mwenye jamaa bara apate faida. Kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo Gairo na pwani haziwezi kulingana. Usiku wenye mawingu, wingu huwa kama blanketi juu ya ardhi. Usiku mweupe ardhi hupoteza joto lake juu. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka kama maji ikajaa mabondeni. Ndiyo maana bonde langu zuri lilikuwa kaburi. Si lazima iwe sakitu, ule umande unaoganda kama wanaoujua watu wa Njombe na Kitulo. Mmea wa joto hudhurika hata kabla maji hayajaganda. Mgomba, kwa mfano, huacha kukua baridi ikizidi, na upepo mkavu humalizia kwa kuyachana majani.

Yule bibi alinifundisha, nami baadaye nimeyathibitisha. Kwanza, panda kwenye mteremko, usipande shimoni, na kama kuna ukuta unaopigwa na jua la jioni, panda karibu nao, kwani ukuta huweka joto la mchana ukalitoa usiku. Pili, panda mvua zinapoanza, mnamo Desemba, ili mizizi ishike kabla ya Juni. Tatu, weka ua wa minyaa au wa mabua upande unaotoka upepo. Nne, siku ambayo dalili za usiku mkali zaonekana, mwagia ardhi maji mchana, maana udongo wenye maji huhifadhi joto kuliko udongo mkavu. Tano, funika jua linapotua, kwa nyasi au gunia lililotegemezwa juu ya vijiti lisigusane na majani, na funua jua linapochomoza. Sita, jani likiungua usilikate upesi, bali ngoja mpaka joto lirudi ujue kilichokufa na kilicho hai. Na mnazi, mwache pwani.

Mwaka wa tatu nilifanya hivyo. Miembe miwili ilipona. Na hapa lipo jambo la ajabu, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mwembe uliokwisha komaa hauhitaji kikapu. Zaidi ya hayo, usiku wa baridi ndio unaouchochea kutoa maua. Ndiyo sababu miembe yetu huchanua wakati wa kipupwe, na matunda huja mwisho wa mwaka. Baridi ile ile iuayo mche ndiyo iletayo ua katika mti mzima. Subhanallah! Hakubadilika baridi, amebadilika anayepigwa nayo.

Ndugu wazazi, tuzingatie. Twawapeleka watoto wetu mbali, mijini na ng'ambo, kusoma na kutafuta kazi, katika nchi ambazo pepo zake si za kwetu. Wako wanaompeleka mtoto kama nilivyopeleka miche mwaka wa kwanza, bila kinga, bila kuuliza atakaa wapi na nani, kisha wakasema ni kudura. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza yule bedui amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mungu. Na wako wanaomfunika mtoto usiku na mchana, haoni jua, hajibu swali, hashiki jembe wala fedha, kisha wakashangaa kwamba amekuwa kama uzi. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tusemavyo, lakini kukunja si kuvunja. Malezi ni kujua saa ya kufunika na saa ya kufunua.

Miaka michache iliyopita nilipita Gairo, ambayo tangu 2012 imekuwa wilaya. Nyumba niliyokaa haipo tena. Mwembe mmoja upo. Chini yake palikuwa na mama anauza maharage na watoto wake wanacheza. Nilimwomba nafasi nikae kidogo, naye akanikaribisha kwenye kigoda bila kuniuliza mimi ni nani. Sikumwambia. Mtume ametufundisha kwamba apandaye mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Nilimkumbuka yule bibi, nikamwombea rehema, kwani kama sadaka ipo pale, basi nusu yake ni ya swali lake.

Wabillahi tawfiq.