SD1 (jeni ya mpunga)

SD1 ni jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 1 ya mpunga, na huchangia sana kuamua urefu wa bua. Hubeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha kuunda jiberelini, homoni inayorefusha mimea. Katika Dee-geo-woo-gen, mpunga mfupi wa Taiwan, kipande cha jeni hiyo kimepotea. Homoni hupungua kwenye bua, lakini masuke hayadhuriki kwa kuwa jeni nyingine ya jamii hiyo hufanya kazi kwenye maua.

Mwaka 1962 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga (IRRI), Los Baños, Ufilipino, waliuchavusha mpunga huo na Peta, mbegu ndefu ya Indonesia. Mbegu iliyotokana nao, IR8, ikatolewa mwaka 1966. Mpunga mrefu ukitiwa mbolea nyingi huanguka na kulala chini. Lakini IR8, kwa kuwa fupi, ilisimama na kuzaa sana, ingawa wali wake haukusifiwa kwa utamu. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2002, mbegu fupi zenye jeni hiyo iliyopotewa na kipande zikiwa zimekwisha kuenea Asia.

Cha ajabu, katika mpunga wa maji ya kina wa Bangladesh, namna nyingine ya SD1 hurefusha bua mafuriko yanapopanda.