Laptopu Yako Si Mbovu, Ni ya Zamani Tu

Juzi usiku hapa Junda, mama mmoja jirani alibisha hodi na laptopu kwapani. Kijana wake alikuwa na fomu ya chuo ya kutuma kabla ya saa sita usiku, na Wi-Fi imegoma. Fundi keshawaambia kadi imekufa, walete elfu tatu.

Nikauliza, "Mama, simu yako inashika?" Inashika. "Kuna mtu ameguza rauta?" Kijana akainama. Alikuwa amefuata video fulani, akabadilisha mipangilio ati mtandao ukimbie na majirani wasidoee.

Basi kadi haikufa. Ila ili uelewe kilichotokea, lazima turudi nyuma kidogo. Tulia hapo.

Zamani Kenya ilitegemea setilaiti kupata intaneti, ghali na ya kujikokota. Juni 2009, kebo ya TEAMS kutoka Fujairah kule Emirati ikafika Mombasa. Julai SEACOM ikawashwa, na 2010 ikaja EASSy. Yaani mtandao wa watu wa bara nao ulipandia ufukweni hapa kwetu. Februari 2012 meli ikatia nanga pasipofaa nje ya bandari, ikakata TEAMS. Ukikatikiwa hivo huna la kufanya, unangoja tu.

Lakini safari haiishii baharini. Mita chache za mwisho, kutoka rauta hadi laptopu, zina historia yake. Kanuni za kwanza za Wi-Fi zilitoka 1997, na kufuli lake la kwanza likaitwa WEP. Kufikia 2001 wataalamu walikuwa washalivunja. Ikaletwa WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Mawimbi nayo yakaongezeka: yale ya 2.4 GHz yanafika mbali, ya 5 GHz yana mbio lakini ukuta unayachosha. Toleo liitwalo n, lililopitishwa Septemba 2009, linaweza kutumia yote mawili, ila laptopu nyingi za bei nafuu ziliwekewa kadi ya 2.4 pekee.

Sasa tuseme ukweli. Wengi wetu mtaani tunanunua laptopu zilizotumika ng'ambo. Mashine ni ya 2011, rauta ni ya juzi. Kijana alizima 2.4 na kuchagua WPA3 peke yake. Simu mpya ikaelewa, laptopu ikabaki kama babu aliyesemeshwa Sheng.

Tulitumia ile simu ya mama. Tukafungua anwani iliyoandikwa chini ya rauta, tukawasha 2.4, tukarudisha WPA2. Kisha kwenye laptopu tukaufuta mtandao uliohifadhiwa na kuunga upya, maana ilikuwa bado imeshikilia mambo ya jana. Saa nne na nusu fomu ikaenda.

Likikupata wewe, angalia dalili kwanza. Jina la mtandao halionekani kabisa kwenye laptopu na kwenye simu lipo? Shuku mawimbi. Jina lipo lakini paswadi inakataliwa? Futa mtandao, unga upya, kisha angalia kufuli. Imeunga lakini hakuna kinachofunguka? Hakikisha laptopu inapewa anwani na rauta yenyewe, si ile uliyoandika kwa mkono zamani. Rauta imekufungia nje kabisa? Chomeka waya wa mtandao uingie nao. Kile kitundu cha kurudisha rauta upya kiwe cha mwisho, kwa sababu kinaweza kufuta hata vitambulisho vya kampuni inayokuuzia mtandao. Na kabla hujaguza chochote, piga picha ukurasa ulivyo.

Maoni yangu ni haya. WPA3 ni nzuri, na ukiwa na vifaa vipya itumie. Kama vyako ni mchanganyiko, rauta nyingi za sasa zina chaguo la WPA2 na WPA3 pamoja. Lakini kifaa kuwa cha zamani si kufa, na mtu asiyejua tofauti hiyo atalipia kadi mpya kila mwaka. Elfu tatu kwa mama wa Junda si pesa ya kubahatisha. Kabla hujaitoa, uliza kwanza: jana nani aliguza rauta?