Ndege za mfano: Hewa ya Dodoma haisamehe uzito

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

NDEGE ya mfano inayoongozwa kwa redio ni ndege ndogo ambayo mwenyewe huirusha akiwa ardhini kwa kutumia rimoti. Kwa anayeiunda Dodoma, uzito ni suala la kwanza, kwa sababu jiji hilo liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi.

Joto likiwa sawa, hewa ya Dodoma ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12. Kwa hiyo, ndege iliyoruka vizuri pwani itahitaji mwendo wa kasi zaidi kwa takriban asilimia 7 ili ibaki angani, huku propela yake ikivuta kwa nguvu pungufu. Mchana wa jua kali hali huwa ngumu zaidi.

Kiwiliwili na mabawa hutengenezwa kwa mbao nyepesi ya balsa au kwa sponji ngumu. Ndani hufungwa betri ya lithiamu, kidhibiti cha mwendo wa mota, kipokezi cha mawimbi ya redio na mota ndogo ziitwazo sevo. Sevo husukuma na kuvuta vijiti vya waya vinavyogeuza vibapa vya mabawa na mkia.

Mabawa hufungwa kwanza, na umbali kutoka ncha ya kila bawa hadi mkiani hupimwa ili uwe sawa. Sevo huwekwa katikati ya mzunguko wake kabla ya kuunganishwa na vijiti. Betri hufungwa mwisho, kwa kuwa ni nzito na husogezwa kwa urahisi kutafuta mizania.

Kwa bawa la kawaida, kitovu cha uzito hukaa kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wake, kuanzia ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 20 huinuliwa kwa vidole viwili kwenye sentimita 5 hadi 6. Mkia ukishuka, betri isogezwe mbele. Ndege yenye mkia mzito huinua pua, hupoteza mwendo na huanguka bila kuitii rimoti. Kuongeza risasi puani kuwe hatua ya mwisho, kwani kila gramu hudai mwendo zaidi.

Wakati wa majaribio ya mota mezani, propela iondolewe, kwani hukata vidole. Kabla ya kuruka, rimoti huwashwa kwanza, ndipo betri iunganishwe. Mrushaji akiamuru kulia, kibapa cha bawa la kulia kinapaswa kupanda; kikishuka, asirushe.

Uwanja wa Ndege wa Dodoma umezungukwa na makazi ya watu. Mwenye ndege ya mfano anapaswa kupata kwanza maelekezo ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), kisha atafute eneo la wazi, mbali na uwanja huo na nyumba za watu.