Kioo na Mstari wa Mshazari

Mwalimu atazamapo mchoro wa mwanafunzi anayeanza, mara nyingi huiona njia ikipanda juu kama ngazi badala ya kwenda mbali. Kosa laonekana, lakini kulionyesha lilipo ni kazi. Mwanafunzi amechora ajuavyo, si aonavyo: ajua kwamba kingo mbili za njia hazikutani kamwe, basi hakuzikaribisha. Kumwambia, "Si sawa, chora tena," hakumfai neno. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi watu wa mji wa Florence, katika nchi ya Italia, walivyolishughulikia jambo hili yapata miaka 600 iliyopita.

Alikuwako huko fundi jina lake Filippo Brunelleschi, ndiye aliyejenga kuba kubwa la kanisa kuu la mji ule. Kabla ya mwaka 1425 alisimama ndani ya mlango wa kanisa hilo, akachora juu ya ubao mdogo nyumba ya ubatizo iliyoelekeana nalo. Kisha akautoboa ubao. Upande wa picha tundu lilikuwa dogo kama punje ya dengu, na upande wa nyuma lilipanuka. Mtazamaji aliweka jicho nyuma ya ubao, akashika kioo mbele yake, akaiona picha ndani ya kioo. Penye mbingu Filippo hakupaka rangi, ila alitia fedha iliyong'arishwa, hata mawingu ya kweli yakaonekana humo yakichukuliwa na upepo. Manetti, aliyeandika habari za maisha yake, asema kwamba aliushika ubao huo mkononi mwake, na kwamba mtu alidhani anakiona kitu chenyewe.

Lakini si kila mchoraji awezaye kuchora mbele ya jengo lake. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika kitabu juu ya uchoraji, na humo ataja desturi ya wachoraji wengine wa siku zake. Walipochora sakafu ya mawe ya mraba, kila nafasi waliipunguza kwa theluthi moja kuliko ile iliyoitangulia. Desturi hii yaonekana kuwa na akili, maana nafasi zapungua kadiri ziendavyo mbali. Ndiyo sababu iliwadanganya wengi. Alberti aliikataa, kwa kuwa mstari wa kwanza waliuweka kwa kubahatisha, pasipo kujua jicho la mtazamaji liko wapi.

Akatoa na njia ya kupimia, nayo ni nyepesi ajabu. Piga mstari wa mshazari toka pembe hata pembe ya jiwe moja, ukauendeleze. Ukipita sawasawa katika pembe za mawe yanayofuata pasipo kupinda, sakafu ni sahihi, usipopita, imekosewa. Mtoto aweza kuufanya mwenyewe, wala hana haja ya kubishana na mwalimu. Alishauri pia picha itazamwe katika kioo, kwani kasoro zilizozoeleka na jicho huko hudhihirika upesi.

Kitabu hicho katika lugha ya Kiitalia alimtolea Filippo, akimwomba akisome kwa bidii, na aonapo neno la kusahihishwa, amsahihishe.